Vitamini D na Mgonjwa Ambaye Maradhi Yake Hayajajulikana

Chupa ya vitamini D ni zawadi nyepesi. Haiozi, haichukui nafasi, na msafiri atokaye Maskati au London huweza kuitia ndani ya sanduku pamoja na nguo za watoto bila ya kuulizwa neno forodhani. Kwa njia hiyo vidonge hivi huingia majumbani mwetu visiwani. Kwa njia hiyo hiyo huweza kufika bara, hata kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo, ambako maelfu ya Wakongo waliopata kuishi katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wamehamia Marekani na kuacha nyuma jamaa na marafiki. Chupa haiji peke yake, huja na maneno. Mtu huambiwa kwamba huko Ulaya vidonge hivi hupewa wenye maradhi ya mishipa ya fahamu, na kwamba yeyote ambaye miguu yake inakufa ganzi, au ambaye jicho lake moja limeingia kiza ghafla, basi na ameze kwa wingi.

Tumeona inafaa kuyazungumza maneno hayo leo, kwa kuwa ndani yake mna ukweli kiasi, na ni ule ukweli unaomfanya mgonjwa ayaamini yote yaliyosalia.

Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza, Kasulu na Kibondo zinatuhusu nini sisi tunaoishi kando ya bahari? Zinatuhusu kwa sababu watumishi wetu, askari wetu na vijana wetu hupelekwa huko kufanya kazi za taifa. Na zaidi ya hayo, zinatuhusu kwa sababu huko jambo hili huonekana wazi zaidi kuliko mjini. Huko jua ni jingi, bingwa wa mishipa ya fahamu yuko mbali, na ugonjwa wa miguu una asili nyingi. Hapana mahali bora pa kuipima habari ya vidonge hivi.

Kwanza yafaa ifahamike maradhi yenyewe ni nini. Madaktari huyaita maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Hulichuna lile ganda la mafuta linalozifunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, na nyuzi zikishachunwa, amri za ubongo hazifiki ziendako, au hufika kwa kuchelewa. Mgonjwa huona ukungu katika jicho, hupoteza nguvu za mguu mmoja au yote miwili, hushindwa kuzuia mkojo, huchoka uchovu usio na kisa. Mara nyingi shambulio la kwanza hupita baada ya wiki chache na mtu hujiona amepona. Hapo ndipo daktari mwaminifu husema neno moja zito: huenda. Huenda ni maltipo sklerosisi, huenda siyo. Husubiri shambulio la pili, au huyatazama maji ya uti wa mgongo na picha za ubongo zinazopigwa kwa ile mashine ya sumaku iitwayo MRI. Makala yetu ni juu ya mtu aliye ndani ya neno hilo "huenda", naye kashika chupa mkononi.

Sasa jua linaingiaje? Tangu zamani imeonekana kwamba maradhi haya huzidi kadiri mtu anavyokwenda mbali na Ikweta. Ni mengi Scotland, Skandinavia na Kanada. Kwetu ni machache. Mwaka 1990 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Uingereza, nao ukaonyesha kwamba watoto waliozaliwa huko na wazazi waliohamia kutoka Afrika, Bara Hindi na visiwa vya Karibi walikuwa wakiugua kwa kiwango kinachokaribia cha Waingereza wenyewe, hali wazazi wao walikuwa hawaugui sana. Damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nchi. Na miongoni mwa vitu vinavyobadilika mtu anapohamia nchi ya baridi ni jua juu ya ngozi yake, na ni kwa jua hilo ngozi hutengeneza sehemu kubwa ya vitamini D tunayoihitaji.

Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 2006, wataalamu wa Marekani walipoichunguza damu ya wanajeshi wa nchi hiyo iliyokuwa imehifadhiwa, wakawalinganisha askari 257 walioupata ugonjwa na wenzao wasioupata. Kwa askari weupe, waliokuwa na vitamini D nyingi zaidi ndio waliokuwa na hatari ndogo zaidi. Kwa askari weusi uhusiano huo haukuthibitika. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana na wanaosifu vidonge, nasi tunaliweka hapa makusudi.

Lakini kukosa kitu kabla ya kuugua ni jambo moja, na kutibiwa kwa kitu hicho baada ya kuugua ni jambo jingine. Katika Australia na New Zealand wagonjwa waliopata shambulio la kwanza tu, yaani watu wa "huenda", waligawiwa kwa kura vidonge vya yuniti 1,000, au 5,000, au 10,000 kila siku, na wengine vidonge visivyo na kitu, kwa muda wa wiki 48. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuonyesha kwamba vitamini D iliwazuia wasiingie katika ugonjwa kamili. Mwaka huo huo uchunguzi wa Marekani ulilinganisha yuniti 600 na yuniti 5,000 kwa siku kwa wagonjwa waliokuwa tayari wakitumia dawa rasmi, na kiasi kikubwa hakikuwafaa kuliko kidogo. Kisha mwaka 2025 Wafaransa wakaleta habari tofauti. Waliwapa wagonjwa wa shambulio la kwanza yuniti 100,000 kila baada ya wiki mbili, kwa miaka miwili. Katika waliopewa dawa, dalili za ugonjwa kuendelea zilionekana kwa asilimia 60.3, katika wasiopewa, asilimia 74.1. Tofauti ipo, na hatuna sababu ya kuificha. Ila sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilionekana katika picha za ubongo. Kwa mashambulio yenyewe anayoyahisi mgonjwa, makundi mawili hayakuachana kwa kiasi cha kuaminika.

Tena liko sharti ambalo halisafiri pamoja na chupa. Wafaransa hao hawakumpokea mgonjwa yeyote tu. Walimpokea yule ambaye vitamini D ya damuni mwake ilikuwa chini ya nanomoli 100 kwa lita. Tukiliweka sharti hilo kando ya hesabu za nyumbani, tunakuta jambo la kushangaza. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa Martine Luxwolda na wenzake, uliofanywa hapa Tanzania. Walipima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25, watu wanaoishi maisha ya asili na kushinda nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, bila ya kumeza hata kidonge kimoja. Yaani mtu wa wastani katika kundi lile, lau angefika Ufaransa akiwa na shambulio la kwanza, asingeruhusiwa kuingia katika uchunguzi. Kile alichokuwa akitafutiwa mgonjwa wa Kifaransa, yeye alikuwa nacho tayari.

Mkulima wa Buha si Mhadzabe, na haifai kuichukua damu ya huyu tukaihesabu kuwa ya yule. Hata hivyo jua ni lile lile. Kibondo iko karibu nyuzi tatu na nusu kusini mwa Ikweta, Kasulu nyuzi nne na nusu. Huko jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, na hakuna majira ambayo miale yake hudhoofika hata ngozi ishindwe kufanya kazi, kama itokeavyo London tangu Oktoba hadi Machi. Mtu anayelima maharage na muhogo mgongo ukiwa juani hana haja kubwa ya jua la ndani ya chupa.

Wapo, hata hivyo, watu ambao jua haliwafikii hata wakiwa Kasulu, na hao wasisahauliwe. Wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Miguu ikishalegea, jamaa humlaza ndani, kwa huruma au kwa haya, na baada ya miezi mingi ya kukaa gizani vitamini yake hupungua kama ya Mzungu wa kaskazini. Wako wanawake wanaojifunika mwili wote na kufanya kazi zao ndani. Sisi wa visiwani tunawajua, na ndugu zetu wa Omani wanawajua zaidi, kwani katika nchi za Ghuba upungufu wa vitamini D umeonekana kwa wingi hali jua linaunguza nje ya mlango. Wako wanaomeza dawa za kifafa kama fenobabito na fenitoini kwa miaka mingi, dawa ambazo huharakisha kuvunjwa kwa vitamini hiyo mwilini. Na wako watu wenye ualbino. Kabanga, wilayani Kasulu, paliwahi kuwa kimbilio la watoto wenye ualbino baada ya mashambulio maovu ya mwaka 2008 na miaka iliyofuata. Asitokee mtu akawaambia hao wakae juani kwa ajili ya vitamini. Kwao jua ni saratani ya ngozi, na kama wanahitaji vitamini D, kidonge kidogo ndicho kinachowafaa.

Tuje sasa kwenye shina la neno letu. Hatari kubwa ya chupa hii katika Kasulu na Kibondo haimo ndani ya kidonge. Imo katika miezi inayopotea mtu akimeza kidonge badala ya kutafuta ugonjwa wake. Maltipo sklerosisi ni maradhi adimu kwetu. Miguu inayolegea siyo adimu, na sababu zake nyingi ni za kutibika zikiwahiwa. Kifua kikuu huweza kukaa katika mifupa ya uti wa mgongo bila ya mgonjwa kukohoa hata siku moja. Hubonyeza uti mpaka miguu ife, na dawa zake hutolewa bure na Serikali. Kichocho huweza kupeleka mayai yake kwenye uti wa mgongo, na kwa watu wanaooga na kuvua katika Ziwa Tanganyika hilo si jambo la kubuni. Virusi vya UKIMWI, kaswende ya zamani, upungufu wa vitamini B12, na kirusi kingine kiitwacho HTLV-1, vyote huweza kumfikisha mtu kwenye fimbo. Yako pia maradhi yanayoitwa nyuromielaitisi optika, yanayoshambulia macho na uti wa mgongo, ambayo huonekana zaidi kwa watu weusi kuliko weupe. Yanafanana sana na maltipo sklerosisi, lakini baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi huyazidisha badala ya kuyatuliza.

Na iko konzo. Jina hili ni la Kiyaka, lugha ya kusini magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari wa Kiitalia aitwaye Trolli aliyaandika maradhi haya mwaka 1938. Huja kwa kula muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa, ambapo watu hufupisha siku za kuloweka kwa sababu watoto wanalia. Sumu ya sianidi iliyosalia humpoozesha mtu miguu yote miwili, pengine kwa usiku mmoja. Tanzania tumeyaona: mwaka 1985, wakati wa ukame, yalizuka wilayani Tarime, na Daktari William Howlett, Nicholas Mlingi na wenzao waliyachunguza na kuyaandika. Hatusemi kwamba konzo iko Kasulu. Tunasema kwamba katika wilaya ambazo muhogo ni chakula cha kila siku, mganga anayeletewa kijana aliyeamka miguu imekakamaa anapaswa kuuliza kilichokuwa chunguni kabla ya kuuliza kilichomo katika chupa.

Turudi kwenye kidonge chenyewe, kwani wako watakaokitumia, na wengine wana haki ya kukitumia. Vitamini D hupimwa kwa yuniti za kimataifa au kwa mikrogramu, na mikrogramu 1 ni sawa na yuniti 40. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa lebo moja husema 25 na nyingine husema 1,000, hali vidonge ni sawa sawa. Kamati ya wataalamu wa Marekani iliamua mwaka 2010 kwamba mtu mzima ahesabiwe yuniti 600 kwa siku, na mzee aliyepita miaka 70 yuniti 800. Na kwamba mtu mzima asipite yuniti 4,000 kwa siku bila ya uangalizi. Kwa hiyo aliye katika hali ya "huenda", na ambaye hapati jua, akitumia yuniti 600 hadi 1,000 kwa siku, au hata 2,000, hafanyi jambo la kutisha, maadamu figo zake ni nzima. Pengine atajisaidia, na mifupa yake itashukuru, kwa kuwa mtu asiyetembea mifupa yake hudhoofika. Tofauti kabisa na hayo ni vile vidonge vya yuniti 50,000 vinavyotengenezwa ili vimezwe kimoja kwa wiki, kwa muda maalumu, kwa amri ya daktari. Mtu aliyezoea kumeza kidonge asubuhi na jioni akiviona hivyo huvimeza vivyo hivyo.

Vitamini ya namna hii haitoki na mkojo kama vitamini C. Hujikusanya katika mafuta ya mwili, na ikizidi sana huivuta kalsiamu damuni. Mgonjwa hushikwa na kiu isiyokoma, hukojoa mara kwa mara, hupata kichefuchefu na kufunga choo, nguvu humwishia, akili huvurugika, na mwisho figo huharibika. Hata akiacha kumeza leo, sumu hiyo huweza kukaa kwa wiki na miezi. Msomaji azitazame tena dalili hizo. Uchovu, kufunga choo, mkojo wa mara kwa mara, kuvurugika kwa fikra: hizo pia ni dalili za maltipo sklerosisi. Jamaa wakiziona husema maradhi yamepanda, na huongeza vidonge. Humo ndimo mnamo mtego.

Tena liko jambo moja linalowahusu hasa watu wa nyanda hizi. Mwenye kifua kikuu anaweza kupandisha kalsiamu kwa kiasi cha vitamini D ambacho kwa mwingine hakina madhara, kwa kuwa vivimbe vya ugonjwa huo huweza kuiamsha vitamini bila ya amri ya figo. Ndiyo kusema yule mtu mwenye kifua kikuu cha mgongo kisichojulikana, akimeza vidonge vingi kwa kudhani ana maltipo sklerosisi, hukosea mara mbili. Wachukue hadhari vile vile wenye mawe ya figo, wenye figo dhaifu, wanaotumia dawa ya moyo iitwayo digoksini, na wenye shinikizo la damu wanaomeza zile dawa za kupunguza maji za aina ya thiazaidi, ambazo huizuia kalsiamu isitoke.

Kwa viongozi wetu tuna maneno machache. Tangu mwaka 2019, mambo ya chakula bara yalipohamishiwa Shirika la Viwango na yale ya dawa kubaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, vidonge vya namna hii vimesimama mpakani, nusu chakula nusu dawa. Tunaziomba taasisi hizo mbili, pamoja na Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar, zikubaliane juu ya jambo moja dogo: kila chupa inayouzwa iandikwe kwa Kiswahili, na kwa yuniti, kiasi kilichomo katika kidonge kimoja, na vile vya yuniti 50,000 visitolewe ila kwa cheti cha daktari. Hospitali za wilaya za Kasulu na Kibondo ziwezeshwe kupima kalsiamu na kazi ya figo siku zote, si pale tu kemikali za maabara zinapopatikana. Kipimo cha vitamini D yenyewe ni cha gharama, na hatudhani kwamba kiwe cha kwanza. Na mgonjwa ambaye sababu za kutibika zimetafutwa hazikuonekana, apewe barua ya rufaa ya kwenda Mwanza au Dar es Salaam mapema, na asaidiwe nauli, kwa kuwa safari ile ni ndefu, na mtu asiyeweza kusimama haiendi peke yake.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa redio na vikundi vya kusoma, na wananchi wakachimba vyoo kwa kusikia na kujadiliana. Redio zingaliko, na sasa zimefika mpaka vijijini. Dakika 10 juu ya kuloweka muhogo, juu ya maumivu ya mgongo yasiyokoma, na juu ya kusoma lebo ya chupa, si gharama kubwa.

Kwa sasa mganga wa kituo cha afya anaweza kuanza bila ya kusubiri waraka. Akiletewa mgonjwa wa miguu au wa jicho, amuulize anakula nini na anameza nini, amgonge mgongo kwa kidole kutafuta maumivu, amchukue makohozi, mkojo na damu. Jamaa waambiwe waje na kila chupa iliyomo nyumbani, zilizotumwa na zilizonunuliwa. Lebo isomwe mbele yao kwa sauti, na vidonge vilivyobaki vihesabiwe.